Chupa ya Ramilison

Ralaivao alifyatua matofali maisha yake yote, lakini kilichompa heshima pale kijijini Betafo kilikuwa ulimi. Binti wa watu akija kuposwa, ni yeye aliyesimama upande wa mke, akaomba radhi kwa wakubwa, akaomba radhi kwa wadogo, kama ilivyo desturi ya wasemaji, mpaka wakwe wakasahau njaa. Ndipo Ramilison seremala naye akaanza kuitwa kusema. Sauti laini, meno yote mdomoni. Watu wakimsifu, Ralaivao wali humkwama kooni.

Msimu wa baridi, moshi wa tanuri la matofali ukamkalia kifuani. Na Jumamosi ilikuwa posa ya Fanja, binti wa dada yake. Akaenda zahanati. Nesi Hanta akamsikiliza mgongoni.

"Mzee, kifua kimejaa makohozi. Kunywa maji ya moto kwa wingi, jifukize, ukohoe yatoke. Ukianza kuhema kwa shida, rudi haraka."

"Maji? Ramilison mlimpa dawa ya cheti cha daktari, mimi maji!"

"Yeye kikohozi chake kilikuwa kikavu, kikimnyima usingizi. Dawa ile inanyamazisha kikohozi. Chako kikinyamaza, hayo makohozi yatatokaje?"

Katika yote hayo Ralaivao alishika neno moja tu: inanyamazisha. Njiani roho ikazidi kumuuma. Yaani hata kuugua, Ramilison kachaguliwa ugonjwa wa maana!

Akapitia kwa mke wa Ramilison, aliyekuwa akipepeta mchele.

"Shemeji, ile dawa ya mumeo iliisha?"

"Imebaki. Lakini chupa ina jina lake."

"Kwani kifua changu kinajua kusoma?"

Mama wa watu akacheka, akampa.

Kikohozi kikanyamaza kweli. Ralaivao akazunguka kijijini shingo juu, apate kuonekana hakohoi. Lakini kulala chali kukamshinda, na kifuani kukawa kunatokota kama chungu cha maharage. Hakumwambia mtu.

Jumamosi wakwe wakaketi, naye akasimama.

"Naomba radhi kwa wakubwa..."

Pumzi ikaishia hapo. Akajaribu tena, ukatoka mluzi.

"Mzee kameza filimbi?" akanong'ona kijana mmoja wa upande wa mume.

Dada yake akamtazama kwa huruma, kisha akageuza macho kwa Ramilison aliyeketi pembeni. Ralaivao aliyaona macho yale yakigeuka.

Nesi Hanta, naye mwalikwa siku hiyo, akamtoa uani, akamketisha wima na kuagiza gari la kumpeleka hospitali.

"Umekunywa nini?"

Akaitoa chupa mfukoni kama mtoto aliyenaswa akiiba sukari.

"Hata tone moja usiongeze. Kohoa, mzee wangu. Usione haya, kohoa!"

Akakohoa mpaka machozi. Ndani, Ramilison alikuwa ameanza.

"Anayestahili kusimama hapa si mimi. Ni kaka yangu Ralaivao, ambaye nilijifunza kusema kwa kujibanza mlangoni nikimsikiliza. Leo kifua kimemzuia. Kwa niaba yake naomba radhi kwa wakubwa, naomba radhi kwa wadogo..."

Nyumba ikalipuka kwa vigelegele.

"Umesikia anavyokusifu?" akauliza Hanta.

"Nimesikia." Ralaivao akatema, akafuta mdomo. "Mtu yule! Hata kuniombea radhi kanishinda."

Gari lilipofika, Hanta alilazimika kumvuta mkono, maana bado alikuwa ametega sikio mlangoni, akimsubiri Ramilison akosee.