Mjomba Halali Sakafuni

Niliondoka Kilosa kwa sababu moja tu: mpwa wangu Zena alikuwa anaolewa Malaysia, na mimi ndiye mjomba wake. Watu wa kwetu hawahitaji maelezo zaidi. Lakini najua haya yatasomwa hata kule ambako mjomba ni mtu wa kula pilau na kuaga, kwa hiyo nitafafanua. Katika ukoo wetu mtoto anafuata upande wa mama. Mambo ya dini yalikuwa tayari, baba yake mdogo alishatoa idhini kama walii, hilo halikuwa na shida. Ila bibi harusi wa kwetu hatoki chumbani mpaka mjomba amfunike mabegani kanga ya mama yake na kutamka mbele ya watu kwamba anamtoa. Mama yake Zena, dada yangu Mwanaidi, alifariki mtoto akiwa darasa la sita. Kanga yake nilikaa nayo kabatini miaka yote hiyo.

"Mjomba, usipofika sitoki," Zena aliniambia kwenye simu. Hakuwa anatania.

Tiketi alinitumia yeye. Alhamisi jioni naondoka Dar es Salaam, usiku natua kwenye kiwanja kikubwa cha Uarabuni, nalala hapo hapo ndani kwa sababu viza ya kutoka nje sina, Ijumaa asubuhi napanda ndege ya pili. Harusi Jumamosi saa nne asubuhi. Aliandika "unalala hapo hapo kiwanjani" kama vile anamwandikia mtu aliyezoea kulala kwenye magunia. Mimi nilikuwa mtendaji wa kata miaka kumi na tisa. Mkutano wa hadhara ulikuwa hauanzi mpaka nifike, na nikichelewa, mgambo alikuwa anatumwa kuniita. Hata basi la Morogoro lilikuwa linapiga honi mbele ya nyumba yangu pale Mabwerebwere mpaka nimalize chai.

Jumatano asubuhi nilipanda Noah kwenda Mikumi, maana dada zangu waliamua kwamba siwezi kusafiri bila kupangiwa safari na Hamza. Hamza ni mtoto wa dada yangu mwingine. Anaendesha gari la watalii na ndiye anayehesabiwa na ukoo mzima kuwa mtaalamu wa viwanja vya ndege. Ni kweli ameenda kiwanjani mara nyingi kuliko sisi sote. Lakini ameenda upande wa nje, pale watu wanaposimama na karatasi yenye jina la Mzungu. Ndani hajawahi kutia mguu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, nipe huo utaalamu wako."

Akanitolea karatasi iliyochapwa kwa kompyuta na kupigwa laminesheni. Juu iliandikwa kwa herufi kubwa: MPANGO WA KULALA KIWANJANI. Ilikuwa na vipengele kumi na viwili. Cha kwanza kilinitaka nivae soksi mbili mbili. Cha tatu, nisinywe maji mengi. Cha tano, niwatabasamie askari, lakini nisizidishe. Cha saba, nibebe maandazi ya siku mbili. Nilisoma nikiwa nimekaa kwenye kiti chake cha plastiki huku malori yakipita barabara kuu, nikajiuliza watalii wanamlipa huyu kwa lipi.

"Kipengele cha tisa ndicho muhimu, mjomba," alisema. "Huko hawaiti mtu. Unatazama ubao wa umeme. Mlango wa ndege ukibadilika, ubao ndio unaosema."

"Ndege gani isiyoita abiria wake?"

"Ndivyo wageni wangu wanavyoniambia. Kimya tu, mjomba."

"Wageni wako wanakuambia pia kwamba simba anakula majani. Tule, nina safari."

Alhamisi alfajiri Hamza alinipakia kwenye basi la Dar. Tulipita katikati ya mbuga mwendo wa pole, na abiria wa dirishani wakarukia upande mmoja na simu zao kwa sababu tembo wanne walikuwa wanakula kando ya lami. Watu wazima hao, wamezaliwa nchi hii. Nilifumba macho. Karatasi ya Hamza niliisukumia chini kabisa ya begi, juu yake nikaweka kaunda suti ya pili, na juu ya kaunda suti kanga ya Mwanaidi, ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Saa nne usiku nilitua Uarabuni. Kiwanja kile ni kirefu kuliko Kilosa mjini, na hilo nalisema bila kuwapendelea. Kuna maduka ya manukato, kuna ngazi zinazotembea, kuna sehemu ya kusalia yenye zulia nene. Na kote huko, kwenye kila ukuta, watu walikuwa wamelala chini. Wamevua viatu. Wamejifunika makoti usoni. Mama mmoja alikuwa amelaza watoto watatu kwa mstari chini ya mtambo wa kuuza soda. Nilisikitika kwa niaba yao. Nikajiambia kwamba mtu anaweza kukosa kitanda bila kukosa heshima.

Basi nikatafuta mlango ulioandikwa kwenye kadi yangu ya kupandia, namba kumi na nne, nikakaa kwenye kiti cha mbele kabisa, mgongo wima, vifungo vyote vimefungwa, begi mapajani. Hivyo ndivyo nilivyopanga mimi kulala kiwanjani: kutolala. Nilikaa mpaka alfajiri, nikaenda kusali, nikarudi kwenye kiti changu kile kile.

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, watu waliokuwa karibu yangu walianza kuondoka. Kwanza wawili, kisha familia, kisha kundi zima likikokota mabegi. Niliwatazama kwa dharau. Niliwahi kuwaona watu wa namna hiyo kwenye ugawaji wa mahindi ya msaada, wanahama foleni kila wanapoona kivuli kimesogea. Mimi nilikuwa na kadi, kadi ina namba, na ndege ina watu wa kuita. Nilisubiri kuitwa.

Saa tatu kasorobo ukumbi ulikuwa mtupu. Nilimwendea binti mmoja mwenye sare, nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha ofisini wataanza lini kuita wasafiri wa Malaysia. Alitazama kadi. Akatazama saa. Akanyoosha kidole juu ya kichwa changu, kwenye ubao mkubwa wa umeme ambao nilikuwa nimeupa mgongo usiku kucha. Mlango ulikuwa umebadilishwa kuwa arobaini na mbili. Nilikimbia, na sijakimbia tangu mbio za mwenge. Nilipofika mlango wa arobaini na mbili ulikuwa umefungwa, na ndege niliiona kwenye kioo ikirudi kinyumenyume taratibu.

Kwenye dawati la kubadilishia tiketi walinipa kiti cha kesho yake, saa tatu ile ile ya asubuhi. Nilihesabu kwa vidole. Ningefika Malaysia Jumamosi usiku, harusi imekwisha. Nilimpigia Zena. Akasema, "Sawa, mjomba. Pumzika." Angenitukana ningepata nafuu.

Mchana ule wote nilizunguka kama mtu aliyefiwa. Nilitoa karatasi ya Hamza chini ya begi nikasoma kipengele cha tisa mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma waraka wowote wa serikali. Niliichukia ile laminesheni.

Ijumaa usiku nilirudi kukaa, mgongo wima kama jana, ingawa sasa nilikuwa naukodolea macho ubao. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vinabana. Chini, mbele yangu, msichana alikuwa amejitandikia kanga, amepitisha mguu kwenye mkanda wa begi lake. Kando yake lilikuwa limelala jibaba kubwa lisilo na soksi, linakoroma. Msichana aliniangalia mara mbili, akaona mfuko wangu wa nailoni na rangi za kanga zinazoonekana ndani.

"Shikamoo baba. Mtanzania?"

"Marahaba. Natoka Kilosa."

"Jamani! Mimi wa Kidodi. Kwetu, malori ya miwa yanapita mlangoni." Jina lake Rehema. Alikuwa amemaliza miaka miwili ya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu, anarudi nyumbani kwa ndege ya asubuhi. "Sasa baba, mbona umekaa kama uko ofisini? Shuka chini ulale."

"Mimi silali sakafuni."

"Na kiti kinakusaidia nini? Jana ulilala wapi?"

Sikutaka kumjibu. Lakini msichana mwenyewe alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kusubiri wakubwa waseme ukweli, basi nikamwambia yote: Zena, Mwanaidi, kanga, mlango wa kumi na nne, kusubiri kuitwa. Nilitegemea pole. Alicheka mpaka jibaba likageuka upande.

"Ulisubiri kuitwa! Nani akuite hapa, baba? Hapa hata ukifa wanakuruka."

Sijawahi kuchekwa hivyo na mtoto wa mtu. Ajabu ni kwamba kilichoniuma si kicheko, ni kwamba alikuwa sahihi. Alisogea, akanipisha nusu ya kanga yake. Ya Mwanaidi nisingeitandika chini hata iweje, na hakuniambia nifanye hivyo. Nilivua viatu. Nikashuka magoti, kisha ubavu, nikapitisha mguu kwenye mkanda wa begi kama alivyonionyesha. Mtendaji wa kata. Nililala usingizi mzito kuliko nilivyolala kwangu tangu nistaafu.

Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, simu yangu iliita. Kwa Malaysia ilikuwa inakaribia saa nne. Zena alikuwa kwenye picha, amepambwa, amekaa kitandani, na nyuma yake wanawake wamesimama wakiangaliana.

"Mjomba, nimewaambia sitoki."

"Utakataaje kutoka, na watu wanakusubiri!"

"Wewe nitoe hapo hapo ulipo. Mbele ya watu."

Nilitazama kushoto na kulia. Watu gani? Waliolala. Wenye midomo wazi. Wale niliowasikitikia usiku wa kwanza. Rehema alikuwa ameshakaa, amesikia yote. Akasimama, akajikung'uta, akaja mbele yangu na kunipa mgongo.

"Nifunike mimi, baba. Yeye ataona."

"Wewe si mpwa wangu."

"Kwani huku nimefunikwa na nani miaka miwili? Fanya haraka, intaneti itakata."

Jibaba lile liliamka. Sijui lilikuwa la nchi gani, hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja, lakini lilinitazama nikihangaika na simu mkono mmoja na kanga mkono mwingine, likaichukua simu mkononi mwangu na kuishika vizuri, usawa wa macho, kwa mikono miwili. Yule mama mwenye watoto, au mwingine kama yeye, alikaa akitazama. Watu walianza kuinuka.

Niliifungua kanga ya dada yangu. Ilikuwa bado na harufu ya kabati. Nikaiweka mabegani mwa Rehema wa Kidodi, nikaitazama ile simu, na nikasema kwa sauti niliyokuwa natumia kwenye mikutano ya hadhara bila kipaza sauti: "Mimi ndiye mjomba wa Zena. Mama yake hayupo. Mbele ya watu hawa wote, ninamtoa."

Rehema akapiga vigelegele. Jibaba likapiga makofi huku simu imebanwa kwapani, na baada yake ukumbi mzima, wenye soksi na wasio na soksi. Nililia, sitaficha. Kwenye simu, picha ilikuwa imepinduka, lakini nilimsikia Zena akilia na kucheka, na mlango wa chumba chake ukifunguliwa.

Kabla ya saa tatu niliingia kwenye ndege yangu bila kuitwa. Jumamosi usiku Zena alinipokea Malaysia akiwa bado na hina iliyokolea mikononi. Nilimfunika kanga ile mara ya pili, sebuleni, na pilau lililobaki nikala. "Mjomba," aliniuliza, "wale watu waliokuwa wanashangilia ulikuwa nao ukumbi gani?" Nikamwambia ukweli, tulikuwa sakafuni.

Wakati wa kurudi nililala kiwanja kile kile, chini, karibu na ubao, sikuvaa soksi mbili. Sikuona mtu ninayemjua. Nilimpisha kijana mmoja nusu ya shuka langu bila kuulizwa.

Mikumi nilifika Jumapili ya wiki iliyofuata, mchana. Hamza alinisalimu, nikamwitikia, na kabla sijanywa hata maji akanitolea karatasi nyingine mpya, bado haijapigwa laminesheni. Alitaka maoni yangu, maana alikuwa na mpango wa kuiuza kwa wasafiri. Nilimwomba kalamu. Nikafuta kipengele cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikaendelea mpaka cha kumi na mbili, nikakiacha cha tisa peke yake. Chini yake nikaandika: Lala karibu na watu. Asubuhi utawahitaji.

Aliisoma, akaisoma tena. "Lakini mjomba, hii haihusu mambo ya ndege."

"Kaichape hivyo hivyo, mtaalamu," nikamwambia.