Ng'ombe wa Mwaka wa Pili

Adolphine alimwona mama anayemdai katikati ya soko la Nundu. Aliyekimbia ni yule mama.

Aliacha bidoni zake za maziwa pale pale chini, akajifunika kitenge kichwani, akapenya kati ya wauza samaki wa ndagala.

Adolphine akaduwaa. Tangu lini mdai anamkimbia mdaiwa?

Ilikuwa mwisho wa 2003. Vita vilikuwa vimepoa kidogo, na akina mama wachache wa Minembwe, kule juu milimani, walikuwa wameanza tena kushuka na maziwa. Huyo alikuwa Mukarurangwa, mjane wa Bisogo.

Na jina la Bisogo lilikuwa limemnyima Adolphine usingizi miaka yote ya vita.

Mambo yalianza hivi.

Mwaka 1997 Adolphine alipata nafasi Bukavu, kwenye shule ya kuchora mitindo ya nguo. Miaka miwili, mwisho wake diplome. Baba yake, Jacques, alikuwa mvuvi wa Baraka, kando ya ziwa. Minerval, ada ya shule ya namna ile, angeitoa wapi?

Akapanda Minembwe kwa rafiki yake Bisogo, mfugaji. Bisogo akauza ng'ombe wawili, akampa pesa za mwaka wa kwanza.

Binti akaenda, na alikuwa moto kweli. Mwalimu alibandika ukutani gauni la harusi alilolichora, akamwambia akimaliza tu, ateliye za ushonaji za Bujumbura zitamgombania.

Likizo ya 1998 akarudi nyumbani. Baba akaaga kwamba anapanda tena kwa Bisogo, kumwomba amwongezee muda wa kulipa.

Akiwa huko, vita vikalipuka.

Jacques aliuawa njiani akishuka. Nyumbani lilifika koti lake tu.

Kuanzia hapo milima na ziwa vikawa kama nchi mbili. Majirani wakamwambia Adolphine atulie, deni la watu wa kule juu halilipwi tena, sasa ni maadui. Yeye aliwasikiliza tu. Bisogo alimkopesha baba yake, basi.

Akakaa kwenye mashini ya mama yake, Godelieve, akashona.

Mwaka 2000 padri mmoja akaleta habari kutoka Bukavu: shule imefunguliwa tena, nafasi yake ipo. Mama akasema aende, watakopa tena.

Adolphine akapiga hesabu. Mwaka wa pili ni ng'ombe wengine wawili. Pale Baraka watu walikuwa wanaleta nguo za kutia viraka, nani atalipia mtindo? Bujumbura nako kulikuwa na vita vyao. Ng'ombe wanne, atawalipa kwa sindano mpaka lini?

"Mama, niache kwanza nilipe ile ya baba," alisema. "Sitaweza kusoma juu ya madeni mbili."

Siku aliyomjibu padri hapana, alishona mpaka jioni.

Akaanza kuweka akiba. Alisikia Bisogo amekufa kwa ugonjwa, kwa hiyo deni likawa la mjane. Ndiyo maana siku ile ya soko alikuja kumtafuta kati ya wauza maziwa, pesa zote ziko kiunoni, zimefungwa kwenye kitenge.

Akamfuata yule mama. Alimkuta nyuma ya ukuta wa kanisa, analia.

"Mutoto wa Jacques, unisamehe," Mukarurangwa alisema. "Ile ngombe yako niliuzisha."

"Ngombe gani, mama? Mi ndiye niko na deni yenu."

Wakatazamana.

Ndipo mjane akasimulia. Mwaka 1996, watu wao wa milimani walipokuwa wanawindwa, Jacques aliwavusha watoto wa Bisogo ziwa kwa mtumbwi. Hakumwambia mtu yeyote, angeuawa.

Kwa hiyo alipokuja kuomba muda, Bisogo alicheka. Akamwambia hakuna deni. Akamwonyesha mtamba mmoja mnene, akasema huyu ni wa mwaka wa pili, atauzwa na pesa zitamfikia mtoto Bukavu. Jacques akashuka siku hiyo hiyo.

Vita vikafunga njia. Bisogo akamtunza yule mtamba mpaka akazaa, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Mwaka 2000, padri alipokuja Baraka, ng'ombe huyo alikuwa bado zizini.

Mwaka uliofuata Bisogo akaugua. Mukarurangwa akamuuza yule ng'ombe anunue dawa, na mume hakupona. Tangu hapo, kila akiona mtu wa Baraka, aliogopa kuulizwa.

Adolphine akafungua kitenge, akamnyooshea zile pesa. Mama akazisukuma.

"Hapana, mutoto yangu. Enda umalize masomo."

Adolphine hakumwambia kwamba shule ile iliporwa na haipo tena, na mwalimu alikimbia.

"Ndiyo, mama," alijibu. Akaenda kumwokotea bidoni zake.

Nyumbani akamweleza Godelieve yote. Mama akasimamisha mashini. Akaweka mkono juu ya gurudumu.

Halafu akasema, "Kumbe baba yako alikuwa anashuka na habari nzuri."

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu unayemkwepa kwa sababu ya deni, mtafute leo, umuulize kwa mdomo wako. Adolphine hakukosea hesabu hata moja. Ila jibu lilikuwa ng'ambo ya vita, na mjane aliyebaki nalo alikuwa anamwogopa yeye.