Mshale wa Gari la Mkwe

Kwetu mama mkwe hakai karibu na mume wa binti yake. Hampi mkono, hamtazami usoni, na jina lake halitii kinywani. Mimi majina ya watu hayanipotei, hata ya watoto niliosoma nao mpaka darasa la tatu ninayo yote, lakini la mkwe wangu nilikuwa nimelifungia ndani. Kwa hivyo asubuhi ile nilipoingia kwenye gari lake kuukuu, nilimwomba Mungu wetu Nyasaye safari iwe fupi.

Binti yangu alikuwa amekuja kunisalimia, mimba ya miezi minane. Aliamka miguu imevimba, kichwa kinamgonga, macho yanaona cheche. Muuguzi wa zahanati alimpima presha, akasema, "Nendeni hospitali kubwa Kakamega sasa hivi. Msipitie nyumbani." Mumewe alikuja mbio. Nikakaa nyuma, kichwa cha binti mapajani mwangu, tukashika njia ya Khayega.

Kati ya vile viti viwili vya mbele ndipo nilipouona mshale wa joto la injini kwenye dashibodi. Ulikuwa unapanda.

Marehemu mzee wangu alikuwanga na pikapu ya kubeba mahindi. Mshale wake ulilala chini miaka yote, naye akijisifu, "Gari yangu ni baridi kama maji ya mtungi." Siku moja ukaamka, ukapita katikati, na injini ikachemsha mlimani. Alifungua kifuniko cha rejeta, tangi la kupoza maji ya injini, kabla haijapoa. Maji yalimrukia kifuani, shati likatoka na ngozi. Kovu lile nalijua kuliko uso wake.

Sasa huu wa mkwe ulikuwa umefika katikati kabisa. Nikaminya bega la binti.

"Mwambie mume wako gari inachemka."

"Mwambie wewe," alinong'ona, macho amefumba. "Kichwa chapasuka, mama. Leo siwezi kuwa simu yenu."

Nilitazama dirishani, nikasema kama mtu anayezungumza na miti, "Baba, mshale umepanda. Ule wa pikapu ya mzee ulilala chini miaka yote."

Naye akaijibu barabara. "Hapo katikati ndipo afya yake, mama. Kama digrii tisini hivi. Ile ya mzee ililala chini kwa sababu makanika alitoa thamostati, maji yakawa yanazunguka tu bila kushika joto. Injini baridi inakula mafuta, na inajila yenyewe." Akabadilisha gia. "Mimi nina mashimo ya kuangalia. Nichungie huo mshale. Ukitoka katikati, uende juu, uende chini, nipigie kelele."

Chini pia? Sikuelewa, lakini nilichunga. Nilichunga mshale, nikachunga pumzi ya binti. Mkono wake ulikuwa unarukaruka wenyewe, na mimi niliwahi kumwona mwanamke akianza hivyo na asirudi. Jina lake pia ninalo.

Tulipovuka daraja na kuanza kupanda, mshale ulitetemeka. Halafu ukashuka. Ukashuka mpaka chini, ukalala kama ule wa mzee.

Moyo wangu ukafurahi, kwa mazoea. Nikaanza kusema asante Nyasaye, umepoa. Ndipo harufu ya moto ikaingia miguuni, na maneno yake yakanirudia: uende chini. Nilifungua mdomo nimwite baba, na kilichotoka ni jina lake. Lile la ubatizo, zima, kwa sauti ya kuita ng'ombe.

Alizima injini papo hapo. Paipu ya rejeta ilikuwa imepasuka, maji yote yamemwagika njiani. "Mshale unasoma maji," alisema. "Maji yakiisha hausomi kitu."

"Usifungue kifuniko!"

"Sifungui, mama. Sifungui."

Alifunga paipu kwa vipande vya tyubu, tukangoja. Magari yalipita, nilipunga leso, hayakusimama. Wanawake wawili wa boma la karibu walileta maji kwa mitungi, mmoja akamtazama binti, akaniuliza, "Huyu ni mtoto wako?" Binti alikuwa amegeuza macho juu, anaita mtu nisiyemwona. Nilimpepea. Niliimba wimbo wa kanisa nikasahau mistari, mimi nisiyesahau kitu.

Mkwe alipojaza maji na injini ikaitika, nilitazama mshale ukipanda polepole kutoka chini. Nikausihi, panda, panda baba, mpaka ukashika katikati.

Hospitalini walimwingiza mbio, wakampasua. Mimi na mkwe tulikaa ncha mbili za benchi moja, tumepeana mgongo. Mlango ulipofunguliwa, sote wawili tuliogopa kusimama. Daktari akasema mama yuko hai, na mtoto yuko hai, ni mdogo lakini analia.

Jina la mkwe sijalitaja tena, naye hajawahi kuligusia lile neno. Siku ya kuwachukua alinifungulia mlango wa nyuma bila kunitazama, paipu mpya imefungwa, nikapakata mtoto. Tulipofika nyumbani wamama walinizunguka wakiuliza, "Haya nyanya, amefanana na nani?"

Sikujua. Njia nzima nilikuwa natazama mshale.