Mama Mkwe Aliyeikagua Pikapu kwa Nyuma

Ipo siku moja ambayo hainitoki moyoni, mwanangu, na tangu jana uliponiambia unakwenda Tunduma kutafuta pikapu iliyotumika ya kuvutia tela, imenirudia yote na usingizi umenipaa. Kaa hapo. Hiyo simu yako iache kidogo. Nikikuacha uende bila kukusimulia nitakuwa nimekosa, na kwa umri huu siwezi tena kukaa mlangoni nikisikiliza kila gari linalopita.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa kijana wa Isansa, nimeoa miaka miwili, nina kahawa yangu na kichwa kimevimba. Udereva nilijifunza kwa mzungu mmoja mwenye shamba, basi nikajiona fundi wa kila chenye magurudumu. Nilitaka pikapu na tela ili nishushe maharage Kamsamba, kule bondeni, na kurudi na mpunga. Pale Tunduma alikuwepo mfanyabiashara aliyeuza magari yaliyotoka ng'ambo ya mpaka, nikaenda kwake na mke wangu, Tabita. Mama yake Tabita naye alikuwa pale, anatoka kuwasalimu ndugu zake wa upande wa pili, tukakubaliana turudi nyumbani pamoja.

Hapa lazima nikueleze, maana ninyi siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu na utani juu. Kwetu mama mkwe hukumtazama usoni. Hukumwita, hukumpa mkono, hukukaa naye kiti kimoja. Akija njia hii, wewe unaingia kwenye majani mpaka apite. Neno lake kwako lilipitia kwa mkeo, na lako kwake vivyo hivyo. Mchungaji alituhubiria sana kwamba sote ni watoto wa Baba mmoja, tukaitikia amina, tukatoka kanisani na kila mtu akashika upande wake wa njia.

Kwa hiyo siku ile mimi na muuzaji tulisimama mbele ya magari, na mama mkwe akajibanza nyuma ya hayo magari nisimwone. Pikapu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na mabati yaliyobonyea, mlango mmoja umefungwa kwa waya, sura ya kusikitisha. Ya pili ilikuwa ya kijani, inang'aa, na injini yake ukikanyaga mafuta inanguruma mpaka kifua kinatetemeka. Nilifungua boneti, nikatazama mafuta, nikatikisa kichwa kama daktari. Muuzaji akanifungia tela lenye magunia, nikapanda nalo kilima na kurudi bila kushusha pumzi. Nikasema, hii ndiyo.

Tabita akaniita pembeni.

"Mama anasema usichukue ya kijani. Chuma cha chini, pale ndoano ya tela inapofungwa, kilivunjika kikaungwa. Anasema rangi ya pale ni mpya kuliko ya mlangoni."

Mama mkwe alikuwa binti wa mhunzi. Alikua akimbebea baba yake makaa, na jembe bovu alilijua kwa kuligonga mara moja. Kwa kuwa mila ilimweka nyuma ya gari, alichuchumaa pale akaona mkia wa chesisi, kile chuma cha chini kinachobeba gari zima, ambao mimi sikuufikiria hata kidogo. Na mimi nikajibu nini? Nikacheka.

"Mwambie mama namshukuru. Yeye anajua majembe. Haya ni magari."

Tabita hakucheka. Sijui alimfikishiaje, na sikuuliza.

Nikainunua ya kijani na tela lake. Miezi ya kwanza pikapu ile ilinipa raha, nisikufiche. Nilipiga honi hata pasipo na mtu. Lakini kila nilipofunga tela, lile neno lilinijia, nami nalifukuza. Mara mbili nilisikia mlio kwa nyuma, kama mtu anavunja kuni kavu, nikajiambia ni mawe. Ningeweza kulala chini ya gari nikatazama. Sikutazama, mwanangu, kwa sababu niliogopa kuona.

Ndipo dada yake Tabita, aliyeolewa Kamsamba, akajifungua. Tukashuka kwenda kumwona, Tabita kakaa kiti cha mbele, mama yake juu ya tela. Siku tatu baadaye Tabita akabaki kumhudumia mzazi, mimi nikapakia mpunga, nyuma ya pikapu tele na kwenye tela tele, na mama mkwe akapanda juu ya magunia ya tela kurudi nyumbani. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu. Mwanamke wa umri ule anapigwa jua juu ya magunia na kiti ki kitupu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu. Zaidi ya hapo, kile kioo cha pembeni cha kuonea nyuma nilikigeuza kitazame mlango. Nilikuwa nampa heshima yake. Ningewezaje kusafiri kutwa nzima namwangalia mama mkwe kiooni?

Tukaanza kupanda kutoka bondeni. Unaijua njia ile: mwamba upande huu, shimo upande ule. Nilikuwa gia ya kwanza, injini inalia, jasho linanitoka. Nikasikia kugongwa nyuma. Mama mkwe alikuwa akigonga bati la tela kwa fimbo yake. Nikafikiri anataka kushuka kujisaidia, na aibu ikanishika. Tena kwenye mlima, na mzigo ule, ukisimama huondoki. Nikamwomba Mungu amvumilishe mpaka juu, nikakaza mwendo.

Akagonga tena, kwa haraka. Nikasikia ule mlio wa kuni. Nikawaza nisimame, nikawaza nisisimame, nikatazama kile kioo nikaona mlango wangu mwenyewe.

Ndipo mama mkwe akaniita kwa jina. Hakuwahi kulitamka tangu nimchumbie binti yake.

"Yohana! Simama! Chuma kinaachana!"

Nikakanyaga breki, nikavuta hendibreki, nikaacha gari kwenye gia, nikaruka. Mkia wa chesisi ulikuwa umepasuka pale pale palipopakwa rangi, umeshikilia upande mmoja tu, na ufa unafunguka huku nautazama. Tela halikuwa na breki yake. Mama mkwe alikuwa juu, magunia yamemwinua mbali na ardhi, anatafuta pa kuweka mguu hapati. Sikufikiri mila wala mchungaji. Nilimshika kiunoni nikamvuta, tukaanguka wote kwenye majani. Sijui kama nilihesabu hata pumzi tatu. Chuma kilikatika, tela likarudi nyuma, likagonga ukingo, likatumbukia. Tulisikia likishuka kwa muda mrefu.

Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga, akanipa mgongo. Akasema taratibu, "Nilituma neno."

"Lilifika, mama," nikasema. "Nililidharau."

Nikalia, mwanangu, mtu mzima mwenye mke, pale kando ya njia. Mpunga haukuniliza. Nililia kwa kuwaza ningerudije Kamsamba, niingie kwenye nyumba ile yenye mtoto mchanga, nimwambie Tabita kwamba mama yake yuko shimoni, na kwamba alinionya, na kwamba yeye Tabita ndiye aliyeniletea onyo hilo kwa mdomo wake.

Wazee waliniamuru nitoe mbuzi kwa kumgusa mkwe. Nilitoa wawili. Lakini Tabita alikaa mwaka mzima akiniletea maneno ya mama yake na kumalizia, "Umesikia, au nirudie?" Nilistahili.

Basi nisikilize. Ukifika Tunduma usianzie kwenye boneti. Hapo ndipo muuzaji anapotaka uanzie. Lala chini, hata kama umevaa shati la kanisani. Tazama pale ndoano ya tela inapofungwa, gonga, sikiliza. Ukikuta rangi mpya mahali ambapo hakuna mtu wa kupendezwa nayo, uliza inaficha nini, na usikubali kicheko kuwa jibu. Ijaribu ikiwa imebeba mzigo, kupanda na kushuka pia, maana kuvuta ni nusu ya kazi na kusimama ndiyo nusu nyingine. Na mtu akikuambia ana shaka, hata kama hajashika usukani maishani mwake, hata kama ni mkeo au mama yake, acha fedha mfukoni mpaka ushuke mwenyewe ukaone. Ukijikuta unaogopa kutazama, mwanangu, jua tayari unajua.

Nenda salama. Mungu akuonyeshe chuma kizima, akulindie wote utakaowabeba, na akupe masikio ya kusikia onyo likiwa bado ni neno tu.