Siku Redio Yetu Ilipopashwa Moto

Mwezi uliopita kompyuta ya mjukuu wangu ilizimika hapa Kinoru, na nyumba ikajaa harufu kama ya lami iliyopashwa moto. Fundi alikuja, akajaribu soketi, akajaribu waya, kisha akafungua ubavu wa ile mashine na kutoa kisanduku kinachoipa umeme. Akakinusa, akaweka kingine, ikawaka. Kazi safi. Lakini mimi sikuwa tena pale kitini. Ile harufu ilikuwa imenirudisha kijijini kwetu Kanja, katika jiko la mama yangu, miaka michache baada ya uhuru.

Siku hizo redio ilikula mawe, yaani betri za mviringo kama za tochi, zilizozibwa kwa lami upande wa juu. Yakichoka hayakutupwa. Mama aliyapanga kando ya meko, karibu na chungu cha githeri, mahindi na maharagwe yetu, na redio ikapata nguvu ya kuongea tena kwa muda. Kila nyumba ilifanya hivyo. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba jiwe lililochoka likipashwa moto mara kwa mara hutoa majimaji, na kwamba majimaji hayo hula chuma.

Mama aliimba katika kwaya ya kanisa. Kwaya ilikuwa imekwenda Nairobi kurekodi, na tuliambiwa wimbo wao ungepigwa redioni Jumapili asubuhi, kabla ya ibada. Mama hakuwahi kuisikia sauti yake ikitoka mahali pengine isipokuwa kooni mwake. Wiki hiyo nzima alitembea kama mtu aliyebeba mayai, na aliwaalika majirani.

Jumamosi redio ikanyamaza.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa, si fundi wa chochote. Aliiweka mezani akasema tujue kwanza kama mgonjwa ni redio au ni chakula chake. Akachukua balbu ya tochi na kipande cha waya, akajaribu jiwe moja baada ya jingine. Balbu iliwaka, nyekundu na hafifu, lakini iliwaka. Kisha akachungulia mle mawe yanamokaa. Springi zilikuwa zimeota unga wa kijani. Alipoikwangua moja kwa kisu, ilikatika. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

Nilitumwa madukani nikanunue mawe mapya. Nilirudi mikono mitupu, kwa sababu jamaa za wanakwaya wengine walikuwa wamenunua hadi la mwisho.

Asubuhi baba alipasua mwanzi, akayalaza mawe ndani yake moja nyuma ya jingine, akaweka kipande cha bati kila mwisho na kuufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Redio ilinong'ona, ikakata. Mawe machovu hayakupenda baridi yetu. Alipousogeza mwanzi karibu na meko, redio iliongea. Lakini wageni waliovalia nguo za kanisa wasingeweza kukaa kwenye moshi. Basi baba akakata waya wa kuanikia nguo vipande viwili, akavipitisha uani kutoka jikoni hadi dirisha la sebule: mwanzi huku motoni, redio kule kwa wageni.

"Mama Nyaga," jirani yetu Ireri aliuliza, "hiyo redio ikiiva utatugawia?"

Watu walicheka, na mama akacheka, ila macho yake hayakutoka kwenye redio.

Mimi niliwekwa uani, nimweleze baba kama inasema au imenyamaza. Mtangazaji alipoanza kuitaja kwaya yetu, sauti ikakatika. Joto lilikuwa limelegeza mpira. Baba akaushika mwanzi kwa mikono miwili na kubana bati kwa vidole, pale pale kando ya moto, na wimbo ukaingia sebuleni. Nilikimbilia dirishani. Zilikuwa sauti nyingi zilizosukwa pamoja, na sikuweza kumtofautisha mama na wengine. Yeye alikuwa ameinama, sikio karibu na spika, midomo ikitembea.

Wimbo ulipokwisha baba aliingia, macho mekundu kwa moshi. Mama akamuuliza kwa sauti ndogo, "Nimesikika?"

"Nimekusikia," baba alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa umewabeba wengine."

"Lakini baba, ulikuwa jikoni," nikasema. "Huko redio haisikiki."

Ireri alicheka wa kwanza. "Mwalimu Nyaga ameshasahihisha," akasema akininyoshea kidole, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama alitabasamu kidogo, akaanza kukusanya vikombe ambavyo watu hawakuwa wamemaliza kunywea. Baba alizificha mfukoni zile ncha za vidole zilizoungua.

Kwa miaka mingi niliihesabu ile kuwa siku niliyomkamata baba akisema uongo, na nilijivunia. Nilichelewa sana kuelewa kwamba mama hakuwa akiuliza habari za redio.

Mimi pia nilioa mwimbaji. Mke wangu aliimba katika kwaya yetu huku Kaaga, jirani na Kinoru, hadi nywele zikawa nyeupe, nami nilikaa benchi la mbele, nikimsikia vizuri, bila moshi wala waya. Tukitembea kurudi nyumbani aliniuliza ilikuwaje. Nilimwambia ukweli: kipaza sauti kilikuwa kikikoroma.