Shimo Ndani ya Helmeti

Mdogo wangu alishuka mteremko wa kilima cha Rebero kwa kasi ya gari akiwa amevaa helmeti niliyoitengeneza mwenyewe, na kati ya watu wote waliosimama kando ya barabara asubuhi ile, mimi peke yangu nilijua kwamba ndani yake mna shimo.

Nieleze ilivyoanza. Mimi na yeye tunaishi nyumba moja hapa Kigali tangu alipotoka Mwanza kuja kuuza vitambaa katika duka la shangazi yetu. Baiskeli aliijulia huku. Alijiunga na klabu ndogo ya wanawake, na klabu hiyo ilikuwa inachagua wanne wa kwenda kushindana mjini Huye. Yeye alikuwa wa tano kwa jumla ya muda wa mbio zote. Zilibaki mbio mbili, zote za mmoja mmoja: unaondoka peke yako, mwenzako anakufuata baada ya dakika moja, na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Katika mbio za namna hiyo adui ni upepo. Wanaolipwa kwa kazi hiyo huvaa helmeti laini isiyo na matundu, yenye mkia unaolala mgongoni, ili upepo uteleze juu yake. Mdogo wangu alikuwa na helmeti ya kawaida yenye matundu kumi na mawili.

"Kaka, wewe unashinda kwenye maboksi," aliniambia. "Hukosi kitu cha kuniwekea mkia."

Ni kweli. Kazi yangu ni kukagua mizigo katika ghala moja la Masoro na kuandika ripoti za vitu vilivyoharibika njiani. Povu jeupe, lile gumu na jepesi linalofungiwa televisheni, tunalitupa kila siku. Nilichonga mkia kwa kisu cha kukatia karatasi, nikaubandika nyuma ya helmeti yake, nikaziba matundu. Kilichobaki ni ganda gumu la nje, na kwa hilo nilimhitaji fundi wa bampa.

Tulikwenda kwenye gereji za Gatsata Jumamosi. Ilikuwa ya umuganda, ile ya mwisho wa mwezi ambayo wote tunatoka kufanya kazi za mtaa, na gereji hazikufunguliwa mpaka saa tano. Mbio zilikuwa kesho yake. Tulifika mafundi wakiwa bado na tope kwenye mabuti.

"Madamu anaenda kuruka?" mmoja aliuliza, ameushika ule mkia.

"Anaenda mwezini," mwenzake akajibu. "Atusalimie huko."

Mdogo wangu aliivaa, akaizunguka gereji mara moja akipunga mkono kama rubani, kisha akawahi dukani. Fundi wetu, mtu mfupi mwenye madoa ya rangi mpaka kwenye viwiko, alikuwa ameshaanza kukata faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo. Nilimwuliza kama rezini, ile gundi ya maji inayoigandisha faiba, haitalila povu. Nilishasikia kwamba hula.

"Nafunga selotepu yote, bosi. Rezini haigusi. Nta kibazo, hakuna shida. Bampa ngapi nimetengeneza? Iko haijarudi hata moja."

"Bampa halina povu."

"Kichwa na bampa ni moja tu. Vyote viko vya kugonga."

Gereji nzima ilicheka. Mimi pia.

Alizungusha selotepu, akalaza vipande vya faiba, akakoroga rezini. Nilimkumbusha kwamba tuna haraka, akazidisha dawa ya kukausha. Ganda likapata moto hata likawa halishikiki. Nilisikia sauti ndogo ndani yake, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi.

"Inakauka," fundi akasema.

Saa tisa alasiri nilikuwa barazani kwetu nikiipiga msasa. Ilipendeza. Halafu nikafanya kile ninachofanya kazini kwa kila boksi linaloonekana zima: nikaitikisa. Kitu kikatembea ndani.

Nilibandua sponji ya utosini. Povu lilikuwa zima, isipokuwa penye tundu moja la zamani, ambapo selotepu ilikuwa imekunjamana na rezini ikapenya. Hapo palikuwa na kishimo kisichozidi punje ya hindi, kingo zake ziking'aa kama sukari iliyoungua. Nilichomeka kijiti cha mshikaki kwa ubavu. Kikaenda, kikaenda, mpaka vidole vyangu vikagusa povu. Nikakigeuzia upande wa pili, ikawa vilevile.

Helmeti hulinda kichwa kwa sababu povu hupondeka badala ya fuvu. Ganda kazi yake ni kulishikilia tu. Ukubwa wa lile pango nisingeweza kuujua bila kupasua ganda, na nikilipasua hana cha kuvaa, kwa kuwa helmeti yake ya zamani ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ndani.

Nikasikia geti.

"Imekauka?"

Sponji nilikuwa nimesharudisha. "Imekauka."

"Mbona unatoka jasho?"

"Msasa."

Aliivaa, akajitazama kwenye kioo cha dirisha. "Kaka, nakuapia, nikiingia kwenye wanne nakupikia wiki nzima. Na pilau."

Nimejiuliza sana kwa nini sikusema. Nadhani nilikuwa nangoja nafasi, na kila nafasi ilipofika niliiachia inayofuata: wakati wa chakula, asubuhi akifunga viatu, kwenye mstari wa kuanzia wakati mama wa saa akihesabu tano, nne, tatu.

Njia ilikizunguka kilima kwanza, kwa hiyo nilipata muda wa kwenda kusimama kwenye kona ya katikati ya mteremko. Waliomtangulia walipita wakiwa wameshika breki. Yeye hakushika. Nilimwona tangu juu, kichwa chini, mkia umelala mgongoni kama nilivyoupima, na nilijikuta nimekodolea macho mfereji wa mawe ulio pembeni, ule wa kupitisha maji ya mvua, nikiyahesabu mawe yake. Kwenye kona gurudumu la nyuma lilisogea kidogo kuelekea mfereji. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alipiga ukelele. Baiskeli ikarudi sawa, akapita, ukabaki upepo wake usoni mwangu.

Kwenye jumla akawa wa nne.

Nilimwambia siku ileile, tukiwa tumekaa sebuleni, yeye bado na viatu vya mbio.

"Umejua tangu lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Saa tisa."

Aliichukua helmeti, akaibonyeza utosini kwa dole gumba, kwa nguvu zote. Haikubonyea.

"Ngumu," alisema.

"Ganda ndilo gumu."

"Mimi ni wa nne, kaka. Na wa tano ameachwa kwa sekunde tatu."

Aliingia nayo chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo. Tangu siku hiyo ufunguo anatembea nao.

Jumatatu nilinunua helmeti mpya, ya kawaida, yenye matundu. Niliiweka mezani sebuleni, pale anapowekea simu. Leo ni Ijumaa. Vibandiko vyake bado havijabanduliwa. Mbio za mwisho ni Jumapili, mteremko uleule, na hajaniambia atavaa ipi.