Nyota ya Mwanaheri Imepoa

Hapa Utende, shughuli isiyopikwa na Mwanaheri watu huila huku wakinung'unika. Yeye ndiye anayejua kupalia pilau: makaa chini, makaa juu ya kifuniko, wali ukaiva bila kuungua wala kubaki na kiini. Ila siku hizi miguu inamvimba, na akiinama jikoni hainuki mpaka ashikwe mkono.

Asubuhi ile alikuja Luqmani, anayemwoza bintiye Ijumaa, akamuuliza kwa adabu zote kama ataweza, au amwite Arafa, mpishi kijana wa Kilindoni. Mwanaheri alimwambia asubiri jibu hadi alasiri. Swali lile lilimuuma, tena sana.

Adhuhuri akamsikia mjukuu wake Ibtisam, mwalimu wa fizikia, akisema peke yake ukumbini: "Nyota hii imezeeka. Kuni za moyoni zimekwisha. Imevimba, uso umepoa hata ukawa mwekundu."

Mwanaheri hakungoja zaidi. Kwake yeye nyota ya mtu ni bahati yake, na nyumbani humo hapakuwa na mzee mwingine aliyevimba. Kumbe hata mjukuu anamsengenya. Akajitanda kanga, akatoka kwenda kumwambia Luqmani amwite huyo Arafa wake.

Ibtisam alimwahi mlangoni. "Bibi, wapi na jua hili?"

"Kwa Luqmani, nikamwambie nimepoa. Si ndivyo unavyonitangaza?"

Ibtisam alianza kucheka, akaona machozi, akaacha. "Bibi, lile ni somo la kesho. Nyota za mbinguni. Ya namna hiyo tunaiita jitu jekundu."

"Sasa nimekuwa jitu?"

"Si wewe, bibi. Kuni za moyoni zikiisha, moto unahamia pembezoni mwa moyo, nyota inatanuka. Uso unapoa, lakini umekuwa mpana mno, hata mwanga wake wote unaushinda ule wa ujanani mara mia na zaidi."

Mwanaheri akaketi barazani. "Na mwisho wake?"

Ibtisam hakutaka kumdanganya. "Inapukutika, bibi. Kinabaki kiini, nacho kinapoa polepole."

Bibi aliikanda miguu yake.

"Basi nenda wewe kwa Luqmani. Mwambie nitapika. Na Arafa aje vilevile, ainame yeye. Kazi hii bado sijamrithisha mtu."